Chakula cha Mtoto Mchanga na Usonji: Lipi Hutangulia?

Katika somo la Baiolojia hufundishwa mapema kwamba chakula hujenga mwili. Mifupa yataka kalsiamu, damu yataka madini ya chuma, macho yataka vitamini A. Mwanafunzi akisha kuyajua hayo huuliza swali la pili, nalo ni swali zuri: Je, chakula hujenga na akili na tabia pia? Na kama ndivyo, mtoto akilishwa vibaya katika miaka yake ya mwanzo, yawezekana akawa mtu wa namna nyingine atakapokuwa mkubwa?

Swali hilo huulizwa sana siku hizi juu ya usonji. Wazazi wengi huambiwa na majirani na jamaa kwamba mtoto wao amekuwa vile kwa sababu alinyweshwa maziwa ya namna fulani, au hakunyonya vya kutosha, au alipewa sukari mno. Mama huyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni, akajilaumu miaka mingi. Kwa hiyo hili si swali la darasani tu. Jibu likiwa la kweli laweza kumwondolea mtu mzigo; likiwa la uongo laweza kumwongezea. Hebu basi tulichunguze polepole, hatua kwa hatua, kama ilivyo desturi ya sayansi.

USONJI NI NINI

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Hauambukizi, wala hautokani na malezi mabaya. Mtu mwenye usonji huona taabu kuelewana na wenziwe kwa maneno, kwa macho na kwa ishara kama watu wengine wafanyavyo. Hupenda mambo yaende kwa taratibu ile ile kila siku, na mara nyingi husumbuliwa mno na sauti, mwanga, harufu au mguso ambao sisi hatuujali. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema vizuri na kusoma mpaka chuo kikuu. Tena dalili hizi hazikukatwa kwa kisu: hata watu wasio na usonji wanazo kidogo kidogo, mmoja zaidi, mwingine pungufu, kama vile tunavyozidiana kwa urefu.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeandika mwaka 1943 makala iliyoitambulisha hali hii kwa madaktari wengi. Alieleza habari za watoto 11. Katika hao 11, sita walikuwa na taabu kubwa ya kula tangu mwanzo wa maisha yao. Tazama basi: tangu makala ile ya kwanza, chakula kilikuwamo katika habari ya usonji. Swali ni kilikuwamo kwa namna gani.

Kwa bahati mbaya, katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi walishika njia isiyofaa. Walidai kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo kwa mtoto wake. Akina mama waliumizwa sana na fundisho hilo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wa Uingereza walitangaza uchunguzi wa mapacha jozi 21, ambao katika kila jozi mmoja angalau alikuwa na usonji. Jozi 11 walikuwa mapacha wa yai moja, na jozi 10 wa mayai mawili. Katika wale wa yai moja, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika wale wa mayai mawili, hapakuwa na hata jozi moja. Hesabu ile ilikuwa ndogo, lakini uchunguzi mkubwa uliofuata uliithibitisha: urithi una sehemu kubwa sana katika usonji. Fundisho la mama asiye na upendo likaanguka.

WATOTO WA BRISTOL

Lakini urithi haumalizi maneno, na watu waliendelea kuuliza habari za chakula. Ili kulijibu swali hilo haifai kumwuliza mama, mtoto akisha kuwa na miaka kumi, "Ulimlisha nini alipokuwa na miezi sita?" Kumbukumbu hudanganya, na mama mwenye huzuni hukumbuka yale anayoyaogopa. Njia bora ni kuanza kuandika habari kabla ya mtu ye yote kujua ni mtoto gani atakayekuwa na usonji.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika huko Bristol na wilaya zilizo jirani, magharibi mwa Uingereza. Waliandikishwa akina mama waja wazito zaidi ya 14,000 waliotazamia kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992. Watoto walipozaliwa, wazazi waliletewa karatasi za maswali mara kwa mara: anakula nini, anakulaje, ana uzito gani. Miaka ikapita. Mwaka 2010 wachunguzi wakatangaza walichokiona walipowalinganisha watoto 79 waliothibitishwa kuwa na usonji na watoto wengine 12,901 wa kundi lile lile.

Walichokiona ni hiki:

1. Wale watoto 79, kwa jumla, walichelewa zaidi kuanza chakula kigumu, na walipokuwa na miezi 6 mama zao walisema kwamba wanakula polepole.
2. Tangu miezi 15 mpaka 54 walisemwa kuwa ni vigumu kuwalisha na wanachagua mno chakula.
3. Walipotimiza miaka miwili, waliwazidi wenzao katika kula chakula kisicho sawa na cha mama zao.
4. Walipokuwa na miezi 38 walikula mboga na matunda machache kuliko wenzao. Lakini hata peremende na soda walikunywa na kula kidogo kuliko wenzao.
5. Vitamini C na D walipata pungufu. Lakini nguvu ya chakula kwa jumla, protini, mafuta na wanga havikupishana.
6. Kwa urefu na uzito hawakupishana na wenzao, si katika miezi 18 wala katika miaka 7. Na damu yao walipokuwa na miaka 7 haikupungua.

MISHALE MITATU

Hapo ndipo msomaji mwenye haraka hujikwaa. Atasema, "Tazama! Watoto wenye usonji hawakula mboga. Basi ukosefu wa mboga umeleta usonji." Sivyo. Mambo mawili yakionekana pamoja, kuna njia tatu za kuyaeleza, nazo twaweza kuzichora kama mishale:

Kwanza, la kwanza laweza kulileta la pili.
Pili, la pili laweza kulileta la kwanza.
Tatu, liko jambo jingine linaloyaleta yote mawili.

Siku watu wanapochukua miavuli, njia huwa na tope. Mwavuli hauleti tope, wala tope halileti mwavuli. Mvua ndiyo iletayo vyote viwili. Kila mwanafunzi akiikumbuka miavuli na tope hatadanganywa kwa urahisi na matangazo ya dawa.

Sasa tuipime habari ya Bristol. Kama sukari na peremende ndizo ziletazo usonji, tungetazamia kuona kwamba wale 79 walizila zaidi. Waliona kinyume chake. Kama njaa ndiyo sababu, tungetazamia miili iliyodhoofu. Haikuonekana. Lakini tukiugeuza mshale, mambo yote huingia mahali pake. Mtoto ambaye ubongo wake husumbuliwa na mguso na harufu atasumbuliwa na chakula pia, maana hakuna kitu kinachomgusa mtoto karibu kuliko kile kiingiacho kinywani mwake. Apendaye mambo yale yale kila siku atapenda chakula kile kile kila siku. Na kwa kuwa ubongo huanza kujengwa tumboni, taabu hiyo yaweza kuonekana katika kula hata miezi mingi kabla mtu hajaziona dalili nyingine. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa, usonji ndio unaoongoza chakula, si chakula kinachoongoza usonji.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Watoto 79 si wengi, na uchunguzi mmoja haufungi mlango.

CHAKULA CHA MAMA MJA MZITO

Ukiwa ubongo huanza kujengwa tumboni, yafaa tuulize na habari za chakula cha mama. Iko vitamini moja iitwayo asidi ya foliki, ipatikanayo katika mboga za majani na jamii ya maharage. Mwaka 1991 lilitangazwa jaribio kubwa lililofanywa katika nchi saba, kwa wanawake ambao walikuwa wamekwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo au ya ubongo. Waliopewa asidi ya foliki kabla na mwanzoni mwa mimba nyingine walipunguziwa hatari hiyo kwa 72 katika 100. Hilo lilikuwa jaribio la kweli, maana wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu, na mshale wake hauna shaka. Ndiyo maana nchi nyingi ziliamuru vitamini hiyo itiwe katika unga. Marekani tangu mwaka 1998, na nchini Kenya tangu mwaka 2012 sheria imetaka unga wa ngano na wa mahindi uuzwao katika pakiti utiwe vitamini na madini.

Je, vitamini hiyo yahusiana na usonji? Huko Norwe wachunguzi walifuata watoto 85,176 waliozaliwa kati ya miaka 2002 na 2008. Katika watoto 61,042 ambao mama zao walimeza asidi ya foliki karibu na wakati wa kushika mimba, 64 walithibitishwa kuwa na usonji wa namna iliyo kali. Katika watoto 24,134 ambao mama zao hawakumeza, walikuwa 50. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: ni kadiri ya 10 katika kila 10,000 upande mmoja, na kadiri ya 21 katika kila 10,000 upande wa pili.

Tofauti hiyo yapendeza macho, lakini ikumbuke miavuli. Mama amezaye vitamini mapema mara nyingi ndiye aliyesoma zaidi, asiyevuta sigara, na aliyekusudia kupata mtoto. Wachunguzi walijaribu kuyaondoa mambo hayo katika hesabu, na bado tofauti ilibaki, ingawa ilipungua. Tena kwa namna ya usonji iliyoitwa Asperger haikuonekana tofauti yo yote. Twaweza kusema basi kwamba ni dalili njema, si uthibitisho. Mwanamke mja mzito ana sababu ya kutosha ya kumeza asidi ya foliki kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto, na aliyezaa mtoto mwenye usonji hana sababu ya kusema, "Ni mimi niliyekosa."

WATOTO WA ROMANIA

Iko habari nyingine, nayo ni ya huzuni. Serikali ya Ceauşescu ilipoanguka nchini Romania mwezi wa Desemba 1989, dunia iliona nyumba za kulelea watoto ambamo maelfu waliishi katika hali mbaya kupita kiasi. Chakula kilikuwa haba, na tena hapakuwa na mtu wa kuwabeba, kusema nao wala kucheza nao. Kati ya 1990 na 1992 baadhi yao walichukuliwa na jamaa za Uingereza wakalelewa kama watoto wao. Michael Rutter na wenziwe waliwafuata watoto hao kwa miaka mingi.

Mwaka 1999 waliandika kwamba katika watoto 111, kadiri ya 6 katika kila 100 walionyesha tabia zilizofanana sana na usonji, na wengine kadiri hiyo hiyo walizionyesha kidogo. Katika watoto 52 wa Uingereza waliolelewa na jamaa zisizo zao, lakini hawakupata mateso yale, hapakuwa na hata mmoja. Hali hiyo waliiita ya kufanana na usonji, maana haikuwa sawa kabisa: wengi walipata nafuu kati ya miaka 4 na 6. Lakini kwa wale waliokaa katika nyumba zile zaidi ya miezi sita, taabu nyingine ziliendelea hata walipokuwa vijana wakubwa.

Je, ni njaa iliyofanya hivyo? Wachunguzi waliligawa swali hili. Waliona kwamba hata watoto ambao uzito wao haukupungua waliumia, kama walikaa huko muda mrefu. Basi njaa ilikuwa na sehemu yake, lakini upweke ulikuwa na sehemu kubwa. Mtoto hujengwa kwa uji, na pia kwa yule amlishaye akimtazama usoni na kusema naye.

MAHALI AMBAPO CHAKULA KWELI HULETA HASARA

Ili tusidhani kwamba chakula hakiwezi kamwe kuugeuza ubongo, tuutazame ugonjwa mmoja wa kurithi uitwao fenilketonuria. Uligunduliwa na Asbjørn Følling wa Norwe mwaka 1934. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili. Mwili wake hauwezi kukibadili kitu kimoja kilichomo katika protini, kiitwacho fenilalanini, nacho hujaa katika damu na kuuharibu ubongo. Akilishwa kama watoto wengine, akili yake hudumaa, na baadhi ya watoto hao huonyesha na dalili za usonji.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, Horst Bickel na wenziwe huko Birmingham, Uingereza, walimpa mtoto mwenye ugonjwa huo chakula kilichopunguzwa fenilalanini, naye akapata nafuu. Katika miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani akatengeneza njia ya kuupima kwa tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga. Tangu hapo, katika nchi zipimazo watoto wote wazaliwapo, mtoto mwenye fenilketonuria hupewa chakula chake maalumu mapema, akakua na akili timamu.

Angalia vizuri fundisho la habari hii. Maziwa si sumu kwa watoto. Yalikuwa sumu kwa mtoto mmoja mwenye urithi wa namna yake. Urithi na chakula vilishirikiana. Na tiba ilipatikana kwa kupima damu, si kwa kubahatisha.

VYAKULA VYA KUPONYA USONJI

Wako watu wanaowaambia wazazi waondoe ngano na maziwa, ati mtoto atapona. Huko Rochester, Marekani, jambo hili lilijaribiwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Watoto 14 wenye usonji waliwekwa katika chakula kisicho na ngano wala maziwa. Kisha wakapewa vitu hivyo kwa siri, mara hiki, mara kile, mara kitu cha bure, bila wazazi wala wachunguzi kujua ni kipi. Usingizi, choo na tabia zao havikubadilika kwa kufuata chakula. Watoto walikuwa wachache, lakini jaribio lilifanywa kwa uangalifu.

Hatari yenyewe iko hapa. Mtoto ambaye tayari anakula vyakula vitano tu, ukimwondolea viwili, atabaki na vitatu. Madaktari wameandika habari za watoto wenye usonji waliopatwa na kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wa zamani, kwa sababu hawakula tunda wala mboga muda mrefu. Kwa hiyo chakula ni jambo kubwa sana kwa mtoto mwenye usonji, lakini si kwa sababu kitaubadili usonji wake. Ni kwa sababu ana mwili kama watoto wengine, nao wahitaji kulishwa.

YATUPASAYO

Mzazi mwenye mtoto achaguaye mno asimlazimishe kwa fimbo. Ampe kile anachokizoea, aweke na kitu kipya kidogo kando yake, bila ugomvi, siku nyingi. Akiona mtoto amepunguza vyakula mpaka vimebaki vichache sana, au fizi zinatoka damu, au haongezeki uzito, ampeleke kliniki.

Mwalimu na mkuu wa bweni wakumbuke kwamba mwanafunzi alaye ugali mkavu kwa sababu hawezi kustahimili mchuzi ukiugusa huenda hana kiburi wala madeko. Na ninyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu katika chumba cha kulia. Kicheko hakijamfunza mtu kula mchicha.

Na sote tuache kuwaambia akina mama maneno tusiyoyapima. Mama mmoja aliyelaumiwa bure katika mwaka 1950 kwa kukosa upendo, na mwingine anayelaumiwa bure leo kwa maziwa aliyompa mtoto, wamebebeshwa mzigo ule ule.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini wachunguzi wa Bristol walianza kuandika habari kabla watoto hawajazaliwa?
2. Taja mambo mawili yaliyoonekana Bristol ambayo hayakubaliani na neno la kwamba peremende au njaa huleta usonji.
3. Kwa kutumia hesabu za Norwe, onyesha jinsi 10 na 21 katika kila 10,000 zilivyopatikana. Kisha eleza kwa nini hesabu hizo peke yake si uthibitisho.
4. Jaribio la mwaka 1991 la asidi ya foliki lilikuwa na nguvu gani ambayo uchunguzi wa Norwe haukuwa nayo?
5. Katika fenilketonuria, je, sababu ni urithi au ni chakula? Jibu kwa sentensi tatu.
6. Tafuta katika maisha ya kila siku mambo mawili yaonekanayo pamoja, ambayo yote huletwa na jambo la tatu. Usitumie miavuli na tope.